HABARI HUPITAJE HEWANI NA CHINI YA ARDHI?

Simu isiyopatikana

Katika vijiji vingi vya Shinyanga na Geita, simu ya mkononi hutumika kila siku. Mkulima huuliza bei ya pamba au ya mpunga kabla ya kukodi gari. Mama hupokea fedha za karo kutoka kwa ndugu aliye mbali. Bila shaka wewe pia umewahi kutumwa ukaongeze salio, au ukamwite jirani aje azungumze na mwanawe.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye simu haimfikii. Huyo ni mchimbaji aliyeshuka ndani ya shimo la dhahabu, ambalo wachimbaji wenyewe huliita duara. Hata kama ana simu mfukoni, ukimpigia utajibiwa kwamba hapatikani. Simu yake haijaharibika, na betri imejaa. Huenda yuko mita 50 tu chini ya miguu yako. Kabla ya kushuka, aliweza kuzungumza na mtu aliye Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 700. Sasa hawezi kuzungumza nawe uliyesimama juu yake.

Kwa nini iwe hivyo? Na je, mtu wa namna hiyo akipatwa na hatari, habari zake zitatokaje? Katika sura hii utajifunza jinsi habari zinavyosafiri, na mambo yanayozizuia njiani.

Kila habari ina kitu kinachoibeba

Mzigo hauendi sokoni wenyewe. Hubebwa kichwani, kwa baiskeli au kwa gari. Habari nazo ni vivyo hivyo: lazima kiwepo kitu cha kuzibeba. Barua hubebwa na karatasi. Maneno unayoyasema hubebwa na hewa.

Unaposema, nyuzi za sauti zilizo kooni mwako hutetemeka. Hewa iliyo karibu nazo hutetemeka pia, nayo huitetemesha hewa inayofuata, na kuendelea hivyo mpaka kwenye sikio la msikilizaji. Mitetemo hiyo inayosafiri huitwa mawimbi ya sauti. Hewa yenyewe haitoki kinywani mwako ikaenda mpaka kwake. Kinachosafiri ni mitetemo.

Wazee wetu waliyatumia vizuri mawimbi ya sauti. Ngoma, filimbi na pembe vilitumika kuita watu. Wasukuma wana yowe la hatari liitwalo mwano. Anayelisikia hulipokea na kupiga yowe naye, ili kijiji cha pili kisikie na kulipeleka kijiji cha tatu. Jeshi la jadi la Sungusungu lilipoanza katika sehemu za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, yowe hilo na filimbi vilitumika kuwafuata wezi wa ng'ombe. Ndiyo maana tunasema: mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo.

Hata hivyo, sauti hewani ina mipaka miwili. Kwanza, hudhoofika kadiri inavyokwenda mbali. Pili, mwendo wake si mkubwa sana. Husafiri karibu mita 340 kwa sekunde moja. Kama sauti ya mtu aliye Dar es Salaam ingeweza kufika Shinyanga kwa hewa tu, ingechukua zaidi ya nusu saa.

Sauti ndani ya vitu vigumu

Je, sauti hupita hewani tu? Fanya jaribio hili ujionee.

*Jaribio la kwanza*

Vifaa: meza ndefu ya mbao na kijiti.

1. Simama upande mmoja wa meza. Mwambie mwenzako akwaruze meza polepole kwa kijiti, upande wa pili.
2. Sikiliza ukiwa umesimama. Je, unasikia?
3. Sasa laza sikio lako juu ya meza, huku mwenzako akiendelea kukwaruza kwa nguvu ile ile. Je, kuna tofauti gani?

Umegundua kwamba sauti iliyokuwa hafifu imekuwa kubwa. Mitetemo ilipita ndani ya mbao vizuri kuliko ilivyopita hewani. Chembe za vitu vigumu zimeshikamana sana, hivyo hupokezana mitetemo upesi. Ndani ya chuma cha pua, sauti husafiri karibu mita 5,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara kumi ya mwendo wake hewani.

Onyo: Usijaribu kamwe kulaza sikio lako juu ya reli. Treni huweza kukufikia kabla hujainuka.

Likumbuke jaribio hili. Tutalihitaji tena tutakaposhuka chini ya ardhi.

Habari kwa waya

Mwaka 1876, Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu huko Marekani. Katika simu ya waya, sauti ya msemaji hugeuzwa kuwa umeme unaobadilika kufuata mitetemo ya sauti hiyo. Umeme husafiri katika waya. Upande wa pili, hugeuzwa tena kuwa sauti.

Reli kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza mwaka 1928. Nguzo za waya zilisimamishwa kando ya reli, ili stesheni moja iweze kuiarifu nyingine kwamba treni imeondoka. Waya una sifa moja kubwa: habari hufuata pale waya unapopita, hata ukipita chini ya maji au chini ya ardhi. Lakini waya ukikatika, mawasiliano hukatika pia. Tena kijiji kisichofikiwa na waya hakipati habari.

Habari bila waya

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wanasayansi walijifunza kutumia mawimbi ya namna nyingine, yaani mawimbi ya redio. Mawimbi haya si mitetemo ya hewa. Ni mawimbi ya umeme na sumaku, ya jamii moja na mwanga. Hayahitaji hewa wala waya. Mwendo wake hewani ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, safari ya Dar es Salaam mpaka Shinyanga haifikii hata sehemu moja ya mia ya sekunde.

Katika kituo cha redio, msemaji huzungumza mbele ya kipaza sauti. Sauti hugeuzwa kuwa umeme, na mnara wa kituo hurusha mawimbi ya redio yaliyobeba sauti hiyo. Eriali ya redio yako huyapokea. Vifaa vilivyomo ndani hutenganisha sauti na mawimbi yaliyoibeba, na spika huitetemesha hewa ili nawe usikie.

Hapo zamani redio zilikuwa kubwa na zilihitaji umeme mwingi. Mwaka 1947 wanasayansi wa Marekani walibuni transista, kifaa kidogo cha kukuza umeme dhaifu. Baadaye zikatengenezwa redio ndogo za betri, ambazo hata mchunga ng'ombe aliweza kuzibeba machungani.

Mwaka 1973 Tanzania ilitumia redio kwa kampeni kubwa iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, nchi nzima. Walisikiliza vipindi vya Redio Tanzania juu ya malaria, kuhara, maji safi na matumizi ya vyoo. Lakini redio ina upungufu mmoja: husema tu, haisikii. Msikilizaji asiyeelewa hawezi kuiuliza. Kwa hiyo kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Kipindi kilipokwisha, watu walijadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Vyoo vingi vilichimbwa kwa sababu ya majadiliano hayo. Redio ilileta habari, na watu wakaigeuza kuwa kazi.

Simu ya mkononi ni redio inayosema na kusikia

Huduma ya simu za mkononi ilianza Tanzania katika miaka ya 1990. Watu wengi hudhani kwamba simu mbili za mkononi huzungumza moja kwa moja. Si hivyo. Tazama hatua hizi:

1. Unapozungumza, simu yako hurusha mawimbi ya redio.
2. Mnara ulio karibu huyapokea.
3. Mnara huo hupeleka habari kwenye mitambo ya kampuni ya simu, kwa waya, kwa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, au kwa mawimbi mengine.
4. Mitambo hutafuta mnara ulio karibu na yule unayempigia.
5. Mnara huo hurusha mawimbi, na simu ya mwenzako huyapokea.

Kwa hiyo simu haina budi kuufikia mnara. Betri yake ni ndogo, na mawimbi inayoyarusha ni dhaifu. Ukipanda kilimani, simu husikika vizuri zaidi, kwa kuwa hakuna kizuizi kati yako na mnara. Ukiwa nyuma ya kilima, husikika kwa shida au haisikiki kabisa.

Mwaka 2008 simu za mkononi zilianza kutumika kutuma fedha nchini Tanzania. Fedha zenyewe hazirushwi hewani. Kinachosafiri ni habari kwamba hesabu ya mtu mmoja imepungua na ya mwingine imeongezeka. Ndiyo sababu nambari ya siri isitajwe kwa mtu yeyote: mwenye kuijua huweza kutuma habari hiyo kwa jina lako.

Ni nini kinachozuia mawimbi ya redio?

*Jaribio la pili*

Vifaa: redio ndogo ya betri, blanketi, na sufuria kubwa yenye mfuniko unaobana.

1. Washa redio na uitafutie kituo kinachosikika vizuri.
2. Ifunike kwa blanketi. Sikiliza maneno ya mtangazaji.
3. Ondoa blanketi. Sasa weka redio ndani ya sufuria na ufunike mfuniko vizuri. Sikiliza tena kwa makini.

Ndani ya blanketi, sauti ilipungua lakini maneno yalikuwa yale yale. Blanketi ilizuia kiasi cha mawimbi ya sauti, lakini mawimbi ya redio yaliipita. Ndani ya sufuria, je, ulisikia maneno au mkwaruzo tu? Ikiwa ulisikia mkwaruzo, ujue mawimbi ya redio yalishindwa kuipita sufuria. Ikiwa maneno yalisikika bado, tazama kama mfuniko umeacha nafasi, kisha ujaribu tena.

Metali huyarudisha mawimbi ya redio. Udongo na miamba nayo huyazuia kwa njia nyingine: huyameza. Ardhi yenye unyevunyevu huyameza upesi zaidi. Mawimbi yanayotumiwa na simu za mkononi hufifia kabisa baada ya kuingia mita chache tu ardhini.

Sasa unaweza kulijibu swali la mwanzo. Kati ya mtu wa Shinyanga na mnara kuna hewa, na hewa haiyazuii mawimbi ya redio. Kati ya mchimbaji na mnara kuna mwamba. Umbali wake ni mdogo, lakini njia imezibwa.

Waliofukiwa na wakasikika

Mambo haya si ya darasani tu. Mwezi Oktoba 2015, wachimbaji wadogo walifukiwa chini ya ardhi huko Nyangalata, wilayani Kahama. Siku zilipita, na watu wengi wakakata tamaa. Ndugu zao hawakuwa na namna ya kuwapigia simu, nao waliokuwa chini hawakuweza kumwita mtu aliye mbali. Walikuwa na sauti zao tu. Hatimaye wachimbaji wenzao walisikia sauti kutoka chini. Tarehe 15 Novemba 2015 watu watano walitolewa wakiwa hai, baada ya siku 41. Mwenzao mmoja alikuwa amekwisha kufariki.

Tarehe 26 Januari 2017, wachimbaji 15 walifukiwa katika mgodi mmoja huko Nyarugusu, mkoani Geita. Waokoaji walifanikiwa kuwafikia kwa bomba kabla ya kuwafikia wenyewe. Kwa njia ya bomba hilo, watu wa chini walipitisha karatasi yenye ujumbe, nao wa juu wakawapelekea chakula. Tarehe 29 Januari wote 15 walitolewa wakiwa hai.

Jambo kama hilo lilitokea pia nchini Chile, Amerika ya Kusini, mwaka 2010. Wachimbaji 33 walifungiwa karibu mita 700 chini ya ardhi. Siku ya 17, chuma cha kutobolea mwamba kiliwafikia. Walikigonga, kisha wakakifungia karatasi yenye maandishi. Baadaye simu ya waya ilishushwa katika tundu hilo, nao wakazungumza na watu wa juu. Walitolewa wote, baada ya siku 69.

Zingatia vyombo vilivyotumika: sauti, karatasi, bomba, chuma na waya. Vyote hivyo ni vya zamani kuliko simu ya mkononi. Vilifaa kwa sababu vilipita pale ambapo mawimbi ya redio hayakuweza kupita. Wala visingefaa kitu kama upande wa juu asingekuwapo mtu wa kusikiliza.

Kuwasiliana na aliye chini

Katika migodi mikubwa ya chini ya ardhi hutandazwa waya maalumu kwenye njia za ndani, na redio za wafanyakazi hutumia waya huo kama eriali ndefu. Mchimbaji mdogo huenda asiwe na vifaa hivyo. Hata hivyo, yako mambo ambayo kila kikundi kinaweza kuyafanya:

1. *Kuandika majina.* Kila anayeshuka aandikwe jina na saa ya kushuka, na anapopanda afutwe. Pasipo orodha, hakuna anayejua ni watu wangapi wa kutafutwa.
2. *Kuacha mtu juu.* Mtu huyo asiondoke wala asilale. Kazi yake ni kusikiliza.
3. *Kukubaliana ishara za kamba.* Kwa mfano, mvuto mmoja uwe na maana ya "simama", miwili "vuta", na mitatu "hatari". Ishara zikubaliwe kabla ya kushuka, kwa maana ishara isiyojulikana si habari.
4. *Kugonga.* Aliyefukiwa agonge jiwe au bomba la chuma, kisha anyamaze na kusikiliza. Kama ulivyoona katika jaribio la kwanza, mitetemo hupita vizuri katika vitu vigumu. Watu wa juu nao wazime mashine na kunyamaza kwa muda. Mgongo mdogo hausikiki penye kelele za karasha na majenereta.
5. *Kutoa taarifa mapema.* Hapa ndipo simu ya mkononi inapofaa sana. Mtu wa juu apige simu mara moja kwa uongozi wa kijiji, polisi na zimamoto. Asingoje mpaka jioni.

Wewe mwanafunzi, nafasi yako si ndani ya duara. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, na uchimbaji wa madini ni mojawapo. Usiingie katika shimo lolote, hata lililoachwa, hata kama umeangukiwa na mpira. Ukisikia sauti au mgongo kutoka katika shimo, usishuke. Mwite mtu mzima upesi, nawe usichoke kumweleza mpaka akusikilize.

Lakini yako kazi unayoweza kuifanya. Kama nyumbani kwenu yuko mtu anayeshuka migodini, mwulize maswali haya kwa heshima: Baba, au kaka, leo nani anabaki juu? Majina yenu yameandikwa wapi? Mkivuta kamba mara tatu, maana yake ni nini? Huenda akacheka kwanza. Huenda pia akayafikiria atakapofika mdomoni mwa shimo.

Mambo ya kukumbuka

1. Kila habari huhitaji kitu cha kuibeba.
2. Mawimbi ya sauti ni mitetemo. Hupita hewani, na hupita upesi zaidi katika vitu vigumu.
3. Mawimbi ya redio hayahitaji hewa wala waya, lakini huzuiwa na metali na humezwa na miamba na udongo.
4. Simu ya mkononi huwasiliana na mnara. Isipoufikia mnara, haifai kwa mawasiliano.
5. Chombo hupeleka habari, lakini lazima awepo mtu wa kuipokea.

Maswali

1. Ni mitetemo ya nini inayobeba sauti yako mpaka kwa mwenzako aliye uwanjani?
2. Mwenzako anagonga kengele ya shule mita 340 kutoka ulipo. Unaona nyundo ikigonga, kisha unasikia sauti. Utaisikia baada ya muda gani? Kwa nini uliona kwanza?
3. Eleza tofauti moja kati ya redio na simu ya mkononi.
4. Kwa nini blanketi na sufuria havikutoa matokeo sawa katika jaribio la pili?
5. Waokoaji wanapotafuta watu waliofukiwa, kwa nini huwataka watu wote wanyamaze?
6. Pamoja na wenzako, tungeni ishara tano za kamba bila kutumia maneno. Zijaribuni uwanjani, huku mmoja akiwa amefumba macho. Ni ishara zipi zilizochanganywa? Zirekebisheni, kisha mjaribu tena.
7. Mwulize mzee mmoja wa kijijini kwenu jinsi watu walivyopelekeana habari za hatari alipokuwa mtoto. Andika maelezo yake katika daftari lako, uyasome mbele ya darasa.